Maman Zula Anaunganishwa

Mwalimu Honorine aliingia dukani kwangu ameshika simu kwa mikono miwili, na kwa jinsi alivyonitazama nikajua amekuja kunipa taarifa ya msiba. Nikatoa mguu kwenye cherehani.

"Nani?" nikamuuliza.

"Maman yako, Zula. Banataka kumufuta."

Mama yangu tulimzika mwaka uliopita. Nikamwambia Honorine aketi, anywe maji, kisha aanze upya taratibu, maana mtu kufa mara moja inatosha.

Honorine ni jirani yangu hapa Kamembe. Kwao ni Bukavu, ng'ambo ya mpaka, ni Mkatoliki, anafundisha shule moja upande wa Gihundwe, na sijaona mtu mwepesi wa machozi kama yeye. Baada ya mazishi ya mama alihudhuria semina ya walimu, wakafundishwa kuandika makala za Kiswahili katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaisoma na yeyote anaruhusiwa kuiandikia. Wenzake waliandika habari za milima na mito. Yeye akaandika habari za mama. Ilikuwa makala fupi: Saada Nyiransabimana, alizaliwa Kamembe, aliosha maiti za wanawake Waislamu wa hapa na wa ng'ambo ya daraja, Bukavu, akafundisha wengine kazi hiyo, akafariki. Juu palikuwa na picha yake amejitanda mtandio wa bluu, amekunja uso kwa sababu hakupenda kupigwa picha.

Nilikuwa naifungua ile makala kila asubuhi. Hakukuwa na jambo jipya la kusoma. Nilitaka tu kuona bado yupo.

Sasa juu ya picha palikuwa na ukanda mwekundu: makala hii imependekezwa ifutwe. Ukiugusa unapelekwa kwenye ukurasa wa majadiliano. Humo mtu anayejiita Msasa alikuwa ameandika maneno yake. Honorine alinieleza kwamba huyu ni mkabidhi, yaani mmoja wa wale waliopewa ufunguo wa kufuta makala na kufungia watu. Aliandika kwa adabu tele. Amemtafuta Saada Nyiransabimana kila mahali na hakumpata. Hayumo gazetini, hayumo kitabuni, hakuna redio iliyomtaja. Bila chanzo kilichochapishwa, mtu hana umaarufu wa kutosha kuwa na makala yake peke yake. Wenye maoni wanakaribishwa kwa muda wa wiki moja.

"Umaarufu!" nikasema. "Si amuulize mtu yeyote kuanzia hapa mpaka uwanja wa ndege? Ataje tu Maman Zula, wote walimwita hivyo, aone kama hataletwa mpaka mlangoni."

"Haulizake muntu, Zula. Anauliza karatasi."

Karatasi haikuwepo, na haikuwepo kwa sababu mama aliijua kazi yake. Mwosha maiti anaingia chumbani, mlango unafungwa, na chochote anachokiona juu ya mwili wa marehemu kinabaki humo. Akiona uso umenawiri anaweza kusema, ni habari njema kwa wafiwa. Akiona kingine anafunika. Hamwambii mume, hamwambii dada, hajiambii mwenyewe kwa sauti. Mtu wa redio aliwahi kuja nyumbani kwetu na kinasa sauti, ule mwaka baada ya kipindupindu, kwa kuwa alisikia kuna mwanamke aliyeosha wale ambao hata jamaa zao walikataa kuwagusa. Mama alimpikia chai ya tangawizi, akamsimulia namna maharage yalivyoharibika kwa mvua, akamsindikiza mpaka barabarani. Angebwabwaja siku ile moja tu, leo tungekuwa na chanzo. Lakini mama wa kubwabwaja nani angemwita amwoshee maiti wake?

Nilimwambia mtu mmoja tu, Uwamwezi, anayeuza chai mbele ya duka langu. Kumwambia Uwamwezi ni sawa na kupanda mnarani na kipaza sauti. Adhuhuri haijafika wanawake wameanza kuingia, wamevua viatu mlangoni, wamebeba chupa za chai na mandazi yaliyofungwa kwa kitambaa. Wakanipa mkono, mmoja mmoja. Wakakaa mkekani, wengine juu ya majora ya vitambaa vya wateja, na sikuwa na moyo wa kuwaambia wainuke. Walisikia Maman Zula anaondolewa, na kwetu mtu akiondolewa watu wanakuja, wanakaa, wanasema neno.

"Tunaandika wapi?" akauliza bibi mmoja.

Nikampigia Honorine shuleni. Akaniambia kwa haraka, watoto wakipiga kelele nyuma yake: "Kila muntu afungue akaunti yake, aandike ku ukurasa wa majadiliano. Yake, Zula, usichanganye." Basi nikatii. Wengi wao hawana simu za mtandao, na walio nazo hawajui kufungua akaunti. Nikakaa na simu yangu mapajani mchana mzima, nikaanza na akaunti yangu, kisha nikawafungulia zao, huyu akimaliza namwita yule. Duka lilinuka chai na udi. Nilifurahi, sitaficha. Niliona kama tunamzika mama vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza, siku ile mvua ilipotukimbiza makaburini.

Waliandika wanayoandika watu wa matanga. Mungu amrehemu, aliniogeshea mwanangu maji ya mwisho akiwa na siku mbili duniani. Mungu ampanulie kaburi. Alimwosha mama yangu na hakutaka hata sabuni. Bibi yule alitaka iandikwe duwa nzima kwa Kiarabu, nikaiandika kwa herufi zetu kadiri nilivyoweza. Hakuna aliyeandika makala ibaki, hakuna aliyeandika iondoke. Nani anakuja matangani kubishana?

Wa mwisho alikuwa Maman Gracia. Huyu ni wa Bukavu, anavuka daraja la Rusizi ya Pili karibu kila siku na beseni la nyanya, na amejua nyumba yetu tangu ujana wake. Alisimama katikati ya duka kana kwamba anatoa ushahidi.

"Andika hivi: mimi niko Mukristo. Nilikuwaka naishi Kadutu, ku Bukavu. Maman Zula alivukaka pont ya Rusizi na miguu, mvua iko inanyesha, akakuya kuosha muke mwenzake. Bale bamama ba kule bote balikatala. Yee akakuya. Akamuosha sawa mutoto wake. Andika, na weka jina yangu."

Nikaandika, na jina lake nikaliweka.

Itabidi nimseme huyo mume waliyechangia. Idi Harelimana alikuwa golikipa, na alikuwa baba yangu, ingawa neno hilo sikupata nafasi ya kulitumia. Mimi nikitambaa, alikwenda kudakia timu kubwa ya Bukavu, baadaye akadaka Kinshasa, na huko njiani akaoa mke wa pili akamweka Kadutu. Mama akadai talaka. Idi akakataa, kwa maelezo kwamba mwanamume kama yeye haachwi. Mama alikuwa anavuka daraja kwenda kwa sheikh wa kule, anarudi mikono mitupu, anavuka tena. Mwishowe aliipata, akarudisha mahari yote mpaka kitenge alichokuwa amekwisha kukikata nguo. Tangu hapo mtu akimwita mke wa Idi alikuwa hajibu. Alikuwa anachukua mkoba wake anakwenda zake, hata akiwa ameketi kwenye sahani ya pilau.

Halafu yule mke wa pili akafa. Walisema ameanguka ngazini. Majirani walisema mengine juu ya Idi, na waosha maiti wa kule wakaogopa kuingia nyumba ile. Wakamwita mama, na mama akaenda. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nilikwenda naye kummiminia maji. Tuliingia wawili, mlango ukafungwa. Zaidi ya hapo sisemi, wala wewe unayesoma hapa sikwambii.

Kesho yake Honorine alikuja bila kuvua viatu. Majadiliano yote ya jana yalikuwa yamepigwa mstari katikati, neno kwa neno. Msasa alieleza kwamba akaunti hizi zote zimefunguliwa mchana mmoja, kwenye kifaa kimoja, na zinasema mambo yanayofanana, kwa hiyo ni vibaraka vya mtu mmoja anayejifanya umati. Zote zimefungiwa. Yangu pia, tena yangu bila kikomo, kwa kuwa ndiyo ya kwanza.

Niliitazama duwa ya bibi yule imepigwa mstari. Nilikuwa sijawahi kuona duwa imepigwa mstari.

"Mwambie ilikuwa matanga," nikamwambia Honorine. "Mwambie hao ni watu! Aje nimwonyeshe vikombe, sijaviosha."

Honorine hakuwa amefungiwa, maana yeye alikuwa shuleni. Akaandika yote, kwa Kiswahili kizuri cha kimwalimu. Jibu lilikuja kabla ya jioni. Msasa alisema anatupa pole nyingi kwa kuondokewa, anaamini huenda hatukukusudia ubaya, lakini ukurasa ule si wa rambirambi na yeye hana njia ya kujua nani ni mtu na nani si mtu. Ningefurahi kama angekuwa mshenzi, ningepata pa kutukania. Alikuwa mtu mwema kabisa mwenye kanuni zake, na kanuni zenyewe, Honorine aliniapia, zimewekwa kwa sababu ya waongo halisi. Wapo wanaojiandikia makala na kujipigia makofi kwa majina kumi.

Palikuwa na njia moja iliyobaki. Honorine alimjua kijana mwanahabari, Valens, anayeandika kwenye tovuti ya habari za mkoa wetu. Akichapisha habari ya mama kabla wiki haijaisha, chanzo kimepatikana. Valens akaja na pikipiki, akavua kofia, akaweka simu yake inayorekodi juu ya cherehani yangu, akaniomba kwa heshima zote: "Maman, unipatie tu histoire moja. Moja yenye uzito. Siku moja mu kazi yake."

Nikamwambia mama alikuwa anaamka kabla ya adhana. Nikamwambia alikuwa anakunja sanda vizuri kuliko fundi yeyote, na mimi fundi najua. Nikamwambia alipenda sambaza, dagaa wa ziwa letu, za kukaanga na pilipili, na alikuwa hali siku aliyoosha mpaka jua lizame. Valens alikuwa anatikisa kichwa, anangoja. Nilimwona jinsi anavyongoja, na nilijua anangoja nini, na nilikuwa nacho. Siku moja, chumba kimoja, Kadutu. Ningesema lile moja, mama angepata makala yake, tena ndefu, na Idi Harelimana, ambaye makala yake imo tayari, naye angepata aya mpya ambayo wapenzi wa mpira wasingependa kuisoma.

Kuna wanaosema jambo kama lile halikupaswa kufunikwa tangu siku ile, kwamba pengine hata dini haikutaka lifunikwe. Sijamuuliza sheikh. Naogopa majibu yote mawili.

"Ni hayo tu?" akauliza Valens.

"Ni hayo tu."

Alishukuru, akanywa chai. Habari haikutoka. Alimwambia Honorine kwamba mhariri wake ameiona nyepesi, na simlaumu, hata mimi nisingesoma habari ya mwanamke anayekula sambaza.

Siku mbili kabla ya wiki kwisha, Msasa akarudi na furaha. Alikuwa amehangaika kwa ajili yetu, jamani, huyu mtu alihangaika kweli. Alikuwa amepekua magazeti ya michezo ya zamani yaliyopigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na humo amempata mama. Mara moja, mstari mmoja, katika mahojiano na golikipa Idi Harelimana. Mwandishi alimuuliza kuhusu ndoa yake ya kwanza, na Idi akajibu kwamba alimwacha Saada wa Kamembe kwa kuwa alikuwa mwosha maiti na mikono yake ilinuka karafuu maiti usiku kucha, na mwanamume anayedaka mpira hawezi kulala karibu na mikono kama hiyo. Palikuwa na alama za kicheko.

Kwa hiyo, aliandika Msasa, anapendekeza tusiifute makala bali tuiunganishe. Saada Nyiransabimana aingizwe katika makala ya Idi Harelimana, ambayo ina vyanzo vingi, chini ya kichwa cha Maisha Binafsi. Hivyo hatapotea kabisa. Wakabidhi wengine wawili wakaja wakasema wanaunga mkono, ni suluhisho zuri.

Honorine alinisomea akiwa amesimama. Nje Uwamwezi alikuwa anabishana na mwendesha pikipiki kuhusu kikombe kilichovunjika.

"Alimwacha," nikasema. "Ati yeye ndiye alimwacha."

"Najua, Zula."

"Mama alivuka lile daraja mpaka viatu vikaisha, ili asilale kwenye nyumba ya yule mtu, na sasa wanamrudisha na virago vyake vyote, wanamlaza chini ya Maisha Binafsi."

"Tufanye nini? Tukikatala, banamufuta. Hatabaki hata jina. Batoto bako batamutafuta, hawatamuona."

Mimi sikuwa na sauti humo ndani. Neno lolote lilikuwa lazima lipite kwa Honorine, na Honorine ndiye aliyeandika ile makala kwa machozi yake mwenyewe, sentensi kwa sentensi. Nilimwona anavyoniangalia akiomba niseme aunganishwe. Nikaukunja uzi, nikaukunjua. Nilifikiria picha yenye mtandio wa bluu. Nilifikiria wanangu. Kisha nikafikiria mama akichukua mkoba wake na kuinuka kwenye pilau.

"Andika afutwe," nikasema. "Andika familia yake inaomba afutwe kabisa, jina na picha, asiachwe hata herufi. Na sema yeye ndiye aliyedai talaka."

Honorine alilia. Lakini aliandika, na alisisitiza lile la talaka.

Wiki ilipokwisha mjadala ukafungwa. Uamuzi: kuunganisha. Mkabidhi aliyefunga, si Msasa, mwingine kabisa, alieleza kwa mistari michache kwamba makubaliano ya wachangiaji yako wazi, kwamba ndugu wa mhusika wana maslahi yao na matakwa yao hayawezi kuamua, na kwamba madai kuhusu talaka hayana chanzo. Ukiandika jina la mama sasa, kamusi haikwambii hayupo. Inakuchukua moja kwa moja, bila kukuuliza, na kukushusha kwenye makala ya Idi Harelimana. Picha ya mama haikuchukuliwa, maana haikuhusu. Iliyopo ni ya Idi amerukia mpira hewani, kijana, anang'aa jasho.

Honorine alijaribu kuifuta ile sentensi ya mikono. Ikarudishwa. Akaifuta tena, akaonywa. Nikamwambia aache kabla hawajamfungia na yeye, ana wanafunzi wanaomtegemea na mito na milima yao.

Ijumaa baada ya sala wanawake walirudi. Sikuwaita. Waliketi walipokuwa wameketi, Maman Gracia akaweka beseni lake mlangoni, wakaniuliza wale watu wamejibu nini. Walikuwa na haki ya kujua, maneno yao ndiyo yaliyopigwa mistari. Nikafungua simu nikawasomea kwa sauti, kwa kuwa sikupata namna nyingine ya kulisema. Nikasoma yote, timu zake, vikombe vyake, mabao aliyookoa, mpaka Maisha Binafsi, mpaka mikono iliyonuka karafuu maiti.

Kila mwanamke mle ndani alikuwa na mtu wake aliyepita kwenye mikono ile.

"Na sisi hatuwezi jibu?" akauliza bibi yule.

"Tumefungiwa, bibi. Wote."

Maman Gracia alikuwa ananitazama mimi, haitazami simu. Alisogea karibu mpaka magoti yetu yakagusana.

"Zula. Siku ile ku Kadutu, weye uliingiaka naye mu chumba. Muko babili tu mulijua, na mumoja amekufa. Huyu muntu beko banamusifu mu dunia yote. Sema. Sisi tuko hapa, siye tutasema pamoja na weye, tutaenda kwa ule kijana wa habari. Uliona nini?"

Wote wakageuka. Wengine walikuwa wamengoja swali lile miaka mingi, niliwaona usoni. Mlango wa duka ulikuwa wazi na Honorine alikuwa anaingia, akasimama hapo hapo kwenye kizingiti.

"Niliona mwanamke amelala vizuri," nikasema. "Uso wake ulikuwa safi. Mama alimwosha, mimi nikamimina maji, tukamvika sanda."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kumeza mate. Maman Gracia akainamisha kichwa, bibi akasema alhamdulillahi, na mimi nikawachukia wote waliokuwa mle ndani, na nikamchukia mama kuliko wote kwa kunifundisha kazi yake vizuri namna ile.